Mbuni Uliozaa Kashata

Mwanangu,

Daktari amenipa dawa za mwezi mmoja, akaniambia nirudi tukijaliwa. Hilo neno "tukijaliwa" nimelielewa. Nina miaka 82 na macho yananiruhusu kuandika asubuhi tu, kabla jua halijafika barazani. Mambo ya kihamba, ya mipaka na ya ng'ombe yamo kwenye barua nyingine, iko kwa mzee wa kanisa. Hii ni ya jambo moja. Ukiisha kuisoma, wasomee wadogo zako na vijana wote wa ukoo wetu walioanza kuitwa baba.

Krismasi iliyopita mwanao alikaa nami jikoni, mimi naota moto, yeye anamenya karanga. Akaniuliza, "Babu, Baba Krismasi huwa anafika huku Machame?" Kabla sijafungua mdomo ukajibu wewe kutoka mlangoni: "Hakuna kitu kama hicho. Hayo ni mambo ya maduka ya Dar." Ukarudi kwenye simu yako. Hukumwona mtoto. Mimi nilimwona. Aliitazama karanga aliyoishika, akairudisha kwenye ungo bila kuimenya, akatoka nje.

Sikukukemea mbele yake, maana baba hakemewi mbele ya mwanawe. Lakini nimelala na jambo hilo mwaka mzima, na leo nakufunulia siri ambayo mimi na marehemu mama yako tuliitunza miaka yote.

Unaikumbuka Krismasi ya 1983. Nimekusikia ukiisimulia mwenyewe, hata siku ya harusi yako uliwasimulia wageni jinsi ulivyoamka ukakuta mbuni ulio karibu na mlango umezaa kashata. Watu walicheka, nawe ukacheka, ila nilikutazama macho nikaona bado kuna sehemu yako inayoamini. Hujawahi kuniuliza hata siku moja.

Mwaka ule ulikuwa mgumu. Nchi ilikuwa haijapumua tangu Vita vya Kagera vilivyokwisha 1979, fedha za kigeni hakuna, duka la kijiji rafu tupu. Sukari ilikuwa ya mgawo. Sabuni ilipokosekana mama yako alifua kwa majani ya mpapai. Tena ndio mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, hata mwenye bidhaa aliogopa kuonekana nazo. Malipo ya kahawa tulikuwa tukiyasubiri, na Desemba iliingia hayajafika.

Wewe ulikuwa na miaka mitano, na hayo yote hukuyajua. Ulikuwa na kopo lako la maharage ya kuhesabu siku zilizobaki kufika Krismasi. Kila asubuhi ulitoa harage moja ukaliweka kwenye kopo la pili, halafu ulihesabu yaliyobaki, ukaja kunitangazia shambani: "Baba, bado kumi na moja." Kila ulipotangaza, moyo wangu uliingia baridi. Nilikuwa naogopa yale maharage kuliko nilivyomwogopa mtu yeyote aliyenidai.

Mimi na mama yako tulikuwa tumeshaamua kuacha sukari kwenye chai. Tulianza mwezi wa tisa. Ulituuliza kwa nini tunakunywa chai chungu, mama yako akajibu kwamba wakubwa ndivyo wanavyoipenda. Kidogo kidogo ilijaa robo tatu ya kilo ndani ya kopo lililofichwa darini. Usiku wa tarehe 24 ulipolala, alikaanga karanga, akapika sukari mpaka ikawa na rangi ya asali, akamimina kwenye sinia alilolipaka mafuta, akakata vipande haraka kabla havijakauka. Tulivifunga kimoja kimoja kwa majani makavu ya mgomba. Saa sita ilipopita nikatoka nje na kikapu.

Giza lilikuwa totoro na umande unadondoka. Mafuta ya taa yalikuwa yamebaki kidogo sana, kwa hiyo nilivifunga kwenye mbuni kwa kupapasa, vidole vimekufa ganzi, kamba ya mgomba inateleza, kifungo kinafumuka naanza upya. Nilikuwa nimefunga vitatu tu nilipoona mwanga nyuma yangu. Ni dada yako, amesimama na kibatari. Alikuwa na miaka tisa. Nikajua yameharibika. Hakuuliza kitu. Aliukinga ule moto kwa kiganja ili usizimwe na upepo, akasogea, akanimulikia mpaka nikafunga cha kumi na nne.

Asubuhi ulipopiga kelele "Mbuni umezaa! Mbuni umezaa!", yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoka mbio, mikono kichwani, anashangaa kukushinda wewe. Mama yako aliingia jikoni akajifuta machozi kwa khanga. Na mimi nilijifunza siku ile jambo ambalo sikuwa nalijua: mtoto anayeigundua siri ya Krismasi hajapokonywa chochote. Amepewa kazi. Ametoka kwenye kupokea, ameingia kwenye kutoa. Basi usiogope siku mwanao atakapojua. Ogopa tu kumwambia kabla hajafika hapo, tena kwa sauti ya mtu anayemfukuza kuku.

Na siri haikuishia kwenye kashata: lile shati ulilovaa kanisani siku ile lilikuwa suruali yangu ya harusi. Fundi aliifumua usiku, akaigeuza ndani nje.

Najua utasema, "Baba, kumbe ulinidanganya." Nimelifikiria hilo sana, maana mimi ni mtu wa kanisa na uongo siupendi. Lakini kumbuka vizuri. Sikukuambia kwamba mbuni umezaa. Wewe ndiye uliyesema. Uliponiuliza imekuwaje, nilikuuliza, "Wewe unaonaje?" Ukanipa maelezo marefu, ya malaika waliotua kwenye kahawa kwa kuwa migomba inateleza. Sikuongeza neno na sikupunguza. Mwanao akikuuliza tena habari za Baba Krismasi, mwulize nawe anavyoona, halafu umsikilize. Na akitaka kujua zaidi, kweli ipo ya kumwambia. Alikuwepo askofu aitwaye Nikolao katika mji wa Mira, nchi ambayo leo ni Uturuki, karne ya nne. Masimulizi ya kanisa yanasema aliwasaidia mabinti watatu wa baba maskini kwa kuwarushia fedha ndani usiku, asijulikane. Yale mavazi mekundu na kulungu wa kwenye runinga vimekuja baadaye sana. Kiini chake ni mtu anayetoa usiku na kunyamaza asubuhi. Mtu huyo Machame anafika. Alikuja kwako 1983 akiwa na kikapu.

Sasa nikwambie na aibu yangu, kwa sababu wosia wenye sifa tupu haumfai kijana. Mwaka 1986 fedha zilikuwepo. Kahawa ililipwa wiki moja kabla ya Sikukuu. Nilikununulia viatu, nikaona kazi nimemaliza, nikaenda kunywa mbege na wenzangu mkesha wa Krismasi. Nilikuwa nimekuahidi tungepamba nyumba pamoja, wewe na mimi. Nilirudi alfajiri, matarumbeta ya usharika yanaanza kulia kule juu. Nilisukuma mlango ukagoma. Ulikuwa umelala sakafuni nyuma yake, umevaa viatu vipya, na mkononi umeshika pamba ya kuweka theluji kwenye mti. Mama yako hakunisemesha. Alikuinua akakupeleka kitandani. Wewe nawe hujawahi kulitaja. Nimelibeba miaka yote hiyo, na tangu siku ile sijaonja mbege usiku wa tarehe 24. Nisamehe, mwanangu.

Mwaka usio na kitu nilikupa Krismasi, na mwaka wenye fedha nikakunyima. Hesabu hiyo ifanye mwenyewe unapotaka kunitumia pesa kwa simu na kusema mwaka huu kazi zimebana. Kila Desemba barabara ya kutoka Chalinze hadi huku hujaa wana wa Kilimanjaro wanaorudi nyumbani, wengine wamesimama njia nzima. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi, iliyokaa zaidi ya miaka 20 bila kuonekana, ilirudi Desemba 2019. Njia zipo. Mwanao hatakumbuka kiasi ulichotuma. Atakumbuka nani alikuwa amesimama na taa.

Ukija, usizungumzie madeni mbele yake siku hizo za Krismasi. Ugomvi wa fedha na mkeo, kama upo, uacheni Dar. Mtoto husikia hata akiwa amefumba macho, na mzazi anayelalamikia bei ya mchele mbele ya sahani ya pilau anamfundisha mtoto kuona haya kwa kula.

Na umpambie mti. Tawi la mti wa Krismasi likatwe palepale kwenye ua, na pamba muitundike pamoja. Watu wa mjini hushangaa tunaweka theluji ya pamba wakati Kibo iko juu ya vichwa vyetu na theluji ya kweli. Sisi tunajua kwa nini. Barafu ya mlima wetu imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu ilipopimwa 1912, na mimi mwenyewe nimeiona ikirudi nyuma tangu nikiwa mchungaji wa mbuzi. Asubuhi ya Krismasi mtoe mtoto nje mapema kabla mawingu hayajashuka, umwonyeshe. Mnyanyue begani. Asimulie uzeeni kwamba aliiona akiwa juu ya bega la baba yake.

Ule mbuni bado upo. Nimeukata mara mbili hadi kisiki ukachipua tena, na mwaka huu umezaa vizuri. Msiung'oe, hata mkijenga nyumba ya ghorofa, jengeni pembeni yake. Sukari ipo dukani. Kamba za mgomba nimezichana na kuzianika mwenyewe. Ziko darini, ndani ya kikapu cha mama yako, na zinatosha vipande kumi na vinne. Dada yako anajua pa kushika taa.

Njoo tarehe 23, mtoto asijue kitu.

Baba yako