Kujibizana kwa Maandishi na Malezi ya Mwanafunzi wa Fasihi: Mfano wa Kitui na Unguja

Imezoeleka katika idara zetu kwamba mwanafunzi wa fasihi huandikia mtu mmoja tu, naye ni mwalimu wake. Mwalimu husoma, hutia alama, hurudisha. Na hapo safari ya andiko huishia. Katika makala haya mafupi nakusudia kutoa hoja kwamba mazoea hayo huudumaza uandishi na uhakiki kwa pamoja, na kwamba yafaa mwanafunzi apewe pia msomaji wa rika lake aliye katika nchi nyingine. Ushahidi wangu nimeuchota katika maandishi waliyopelekeana, kwa barua pepe, wanafunzi ninaowafundisha hapa Kitui na wenzao wa chuo kimoja cha Unguja.

Kujibizana si jambo geni katika fasihi ya Kiswahili. Mwanzoni mwa karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa alilumbana kwa mashairi na washairi wa Lamu. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, nalo liliwapa watunzi uwanja wa kusomana. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ilileta uhusiano wa aina nyingine: andiko lilipelekwa kwa msahihishaji ili lipewe ithibati, si kwa msomaji ili lijibiwe. Naona darasa letu lingali limeshika desturi ya Kamati kuliko ile ya Muyaka.

Kwa mwanafunzi wa Kitui jambo hili lina uzito wa pekee. Uhusiano wetu na pwani ni wa kale. Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri aliyempokea Krapf hapa Kitui mwaka 1849, aliongoza misafara hadi Mombasa. Hata hivyo, mwanafunzi azungumzaye Kikamba nyumbani aghalabu huingia darasani akiamini kwamba Kiswahili ni mali ya watu wa pwani, naye ni mwazimaji tu. Kwa hiyo huandika kwa hofu: methali za kukariri, minazi asiyopata kuiona, sentensi zisizo na kosa wala uhai.

Zoezi letu la kwanza lilimtaka kila mwanafunzi aeleze mandhari ya kwao, kisha msomaji wake aulize pale asipoelewa. Msichana mmoja aliandika, kwa sentensi moja tu, kwamba mama yake hudamka kwenda mtoni kuchimba maji. Kutoka Unguja likaja swali: maji huchimbwaje mtoni? Mimi niliipita sentensi ile bila kusita, maana sote hapa twajua kwamba mito yetu mingi huwa mchanga mtupu kwa sehemu kubwa ya mwaka, na maji yamo chini yake. Jibu lake lilijaza kurasa mbili. Alieleza jinsi shimo linavyozidi kwenda chini kadiri kiangazi kinavyoendelea, jinsi maji yanavyotekwa kidogo kidogo kwa kata, zamu za wanawake, na punda wanaosubiri ukingoni. Hamkuwamo methali hata moja ya kukariri.

Msomaji wake naye aliandika juu ya bamvua. Wanafunzi wangu walipata maana ya neno hilo katika kamusi, lakini hawakuelewa kwa nini mkulima wa mwani apange siku zake kwa kulifuata. Wakauliza, wakajibiwa kwamba maji yanapokupwa mno ndipo mwanamke awezapo kulifikia shamba lake. Hapo mjadala ukaanza wenyewe: mmoja huyafuata maji yaliyozama, mwingine huyasubiri yaondoke. Huo ndio uhakiki linganishi, nao ulitangulia nadharia.

Msamiati nao ulizua mengi. Karo yetu ni ada kwao. Uzamifu wetu ni uzamivu kwao. Swali la nani amekosea lilififia, likaja swali la neno limepita njia gani.

Hatari nazo zilikuwapo. Kuna andiko la hapa lililorudishwa likiwa limejaa masahihisho ya sarufi, bila neno moja juu ya yaliyosemwa, na mwandishi wake akanyamaza kwa majuma kadhaa. Tangu hapo, mimi na mwalimu mwenzangu wa Unguja tulikubaliana kwamba jibu la kwanza liwe swali, na masahihisho yafuate yakiombwa. Mwandishi yule alirudi.

Chama cha Wanafunzi wa Kiswahili wa Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (CHAWAKAMA) kimewakutanisha wanafunzi wa nchi zetu katika makongamano, na hilo ni la kupongezwa. Lakini kongamano huisha baada ya siku chache. Napendekeza kila idara ya Kiswahili itafute idara moja ng'ambo ya mpaka, na walau andiko moja kwa muhula lisomwe na mwanafunzi wa huko kabla halijafika kwa mwalimu.