Korti Ikikuachilia, Halafu Serikali Ikatae

Wasee, leo tuongee kuhusu mzungu aliyeua mtu, korti ikamwachilia, na bado akafukuzwa Kenya.

Anaitwa Galbraith Cole. Mtoto wa lodi kutoka Ireland, shemeji ya Lord Delamere, mwenye shamba la mifugo upande wa Gilgil. Mwaka wa 1911 alimpiga risasi Mwafrika aliyemshuku kuwa mwizi wa kondoo. Jamaa akafa. Cole hakukana kwamba ni yeye aliyefyatua. Lakini enzi hizo mzungu alikuwa na haki ya kuhukumiwa na jopo la wazungu wenzake, na jopo likasema hana hatia. Story imeisha? Zii. London iliona aibu, na waziri wa makoloni, Lewis Harcourt, akataka afurushwe. Akafurushwe. Baadaye aliruhusiwa kurudi, na mwaka wa 1929 akafia huku huku Kenya.

Najua unachosema: si alistahili! Hata mimi roho inaniambia hivyo. Mtu ameuawa juu ya kondoo, na vitabuni anapita tu kama "mwizi", huku jina la Cole likiandikwa vizuri.

Lakini shida ilikuwa wapi? Ilikuwa kwa lile jopo. Serikali ingetaka haki, ingeondoa jopo la rangi moja. Haikuliondoa. Ilitengeneza njia ya kupitia nyuma ya korti, na mlango wa nyuma haujui nani mzuri, nani mbaya. Anayeshika funguo ndiye anaamua.

Sasa songa hadi Kapenguria. Aprili 1953, Achieng Oneko alihukumiwa miaka 7 pamoja na Kenyatta na wenzao wanne. Januari 1954 Mahakama Kuu ikafuta hukumu yake. Kwa karatasi, hana hatia. Alienda nyumbani? Wapi! Aliwekwa kizuizini hadi 1961. Cole alikosa shamba kwa muda. Oneko alikosa miaka ya ujana wake.

Na huku kwetu magharibi, Elijah Masinde wa Dini ya Msambwa alipelekwa Lamu mwaka wa 1948, wakati Kimilili bado ilitawaliwa kutoka hapa Kakamega. Kutoka Mlima Elgon hadi baharini, buda. Hiyo ni kutupwa.

Ati hayo ni ya mkoloni? Mwaka wa 1969, Kenya ikiwa huru, Oneko alifungwa tena bila kesi, na serikali ya Kenyatta yule yule waliyekuwa naye Kapenguria. Alitoka 1975. Februari 2018, korti iliagiza Miguna Miguna aachiliwe. Akapakiwa kwa ndege, akapelekwa Canada. Wengi walicheka kwa sababu mdomo wake uliwaudhi.

Hapo ndipo tunakosea. Tukimchukia mtu, tunasema korti inachelewesha, wammalize tu. Ni lugha ile ile tunayosikia stejini mwizi wa kuku akishikwa. Ukishangilia leo, kesho unaweza kuwa wewe, umeachiliwa na hakimu saa nne asubuhi, na gari lisilo na nambari linakungoja getini.

Korti ikikosea, kuna rufaa. Ikiwa imeoza, tupigane isafishwe. Lakini neno "huna hatia" likikosa maana kwa mtu tunayemchukia, halitakuwa na maana kwa yeyote.

Wewe unaonaje: Cole angefanywa nini? Niandikie.