Nyumba za Udongo, Njia za Wazee

Mwaka jana huko Bungu, katika milima ya Usambara, nilifuatana na wanafunzi wachache wa sekondari waliojitolea kuandika habari za majengo na njia za kale. Mzee mmoja alitusimamisha penye shamba la migomba, akasema, "Hapa ndipo ilipokuwa nyumba ya babu yangu." Kijana mmoja akafunga daftari lake, kwani hakuona jengo la kupima.

Sikumlaumu. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Mawe ya Kilwa yamevumilia karne nyingi. Miti, udongo na nyasi havivumilii hivyo. Hata Vuga, mji wa Wakilindi alikotawala Kimweri ye Nyumbai hadi alipofariki mwaka 1862, haukutuachia kuta za kutazama. Je, tuseme basi kwamba Wasambaa hawakujenga?

Nilimwomba kijana afungue tena daftari. Tukapima kiwanja kwa kamba, tukaandika jina la mahali, majina ya waliokaa hapo, na njia iteremkayo mtoni. Mzee alitutangulia katika njia ile iliyofunikwa na magugu, asisite hata mara moja.

Enyi walimu na wanafunzi, hapana budi tuwaulize wazee wetu wangali hai. Ukuta ulioanguka huweza kuelezwa na aliyeuona. Akizikwa huyo, hapana tena wa kueleza.