GT3 au GT3 RS? Hesabu niliyomfanyia mjomba

Leo naomba ruhusa niweke kando mambo ya seva na hifadhidata, niongee kuhusu magari. Msinikimbie lakini, maana mkifika mwisho mtaona ni yale yale tunayojadili hapa kila siku.

Nina mjomba anayeishi Birmingham, Uingereza, tangu miaka ya tisini. Ufundi wa magari alijifunzia Grogan, hapa Nairobi, akaenda nao ng'ambo mpaka akafungua gereji yake mwenyewe. Mwaka huu ameiuza. Jioni moja akanipigia simu, na baada ya salamu na habari za nyumbani akaingia kwenye mada: "Mpwa wangu, wewe si mtu wa kompyuta? Nataka kununua Porsche 911 moja kabla sijazeeka. Niko kati ya GT3 na GT3 RS. Nifanyie hesabu uniambie nichukue ipi."

Hakuwa anatania. Mara kadhaa kwa mwaka yeye huenda Silverstone na viwanja vingine vya mbio, siku zile mtu wa kawaida anapolipa kiingilio na kuendesha gari lake mwenyewe. Miaka yote amekuwa akienda na gari kuukuu alilolifufua kwa mikono yake. Safari hii anataka lile alilokuwa akilitamani. Ila kuna mambo mawili. Kwanza, mkewe amemwambia wazi kuwa gari la namna hiyo ni moja tu, hakuna la pili. Pesa zinazotofautisha bei ya RS na ya GT3, hata zilizotumika, zingetosha kumalizia nyumba anayojenga Nakuru, ambayo imesimama bila paa. Pili, goti lake la kushoto lilifanyiwa upasuaji, na goti la kushoto ndilo la klachi.

Haya, tuanze na data. Magari yote mawili ni ya kizazi ambacho Porsche inakiita 992. GT3 ilitoka mwaka 2021, RS ikafuata mwaka 2022. Injini ni ile ile kimsingi: lita 4.0, silinda sita zilizolala, haina turbo, na inazunguka mpaka mara 9,000 kwa dakika. GT3 ina nguvu ya farasi 510, RS ina 525. Tofauti ni farasi 15 tu. Ukisoma karatasi hapo ukaishia, utasema mjomba asijisumbue.

Sasa tuangalie saa. Kipimo wanachopenda kutumia Wajerumani ni Nordschleife, ule mzunguko wa zamani wa Nürburgring uliofunguliwa mwaka 1927, wenye kona zaidi ya 70 msituni. Kwenye mzunguko kamili wa kilomita 20.832, GT3 ilitumia dakika 6 na sekunde 59.927. RS ilitumia dakika 6 na sekunde 49.328. Hiyo ni tofauti ya sekunde 10.6, na kwa watu wa mbio sekunde kumi ni milele.

Mwenye mazoea ya kupima kasi ya programu ataniuliza hapo hapo: je, mazingira ya jaribio yalikuwa sawa? Swali zuri. Madereva walikuwa wawili tofauti, Lars Kern kwa GT3 na Jörg Bergmeister kwa RS, na siku zilikuwa tofauti. Tena, GT3 hiyo hiyo ina rekodi nyingine ya dakika 6 na sekunde 55.34, iliyopimwa kwa njia ya zamani ya kilomita 20.6 inayoacha kipande kidogo cha barabara. Ukichukua namba moja huku na nyingine kule bila kuangalia urefu, umelinganisha maembe na mapapai. Lakini hata tukikata kidogo kwa ajili ya dereva na upepo, RS bado iko mbele kwa mbali.

Imetoa wapi sekunde hizo? Si uzito. RS ina milango ya nyuzi za kaboni lakini ina kilo 1,450, wakati GT3 ya gia za mkono ina kilo 1,418. Wala si mwendo wa juu kabisa, maana RS inakomea kilomita 296 kwa saa, GT3 ya gia za mkono inafika 320. Yaani gari zito zaidi, lenye mwendo wa juu mdogo zaidi, ndilo linalomaliza mzunguko mapema.

Jibu ni hewa. Bawa la ndege huinua, bawa la RS limegeuzwa ili hewa ikandamize gari chini. Porsche inasema kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa RS inakandamizwa kwa kilo 409, na kwa 285 inakandamizwa kwa kilo 860. Tairi zinashika lami kana kwamba gari limebeba mzigo mkubwa, ila kwenye kona huna mzigo huo wa kuugeuza. Ndiyo maana inapita kona za kasi bila kupunguza sana. Na kwenye njia iliyonyooka bawa hilo hilo linavuta nyuma, ndiyo maana kuna kitufe kwenye usukani cha kulilaza.

Kila kitu kina gharama, kama tunavyojua sisi tunaoandika programu. Ukitaka kasi ya kusoma data, unalipa kwa kumbukumbu. RS imeweka rediata moja kubwa mbele katikati, na hapo ndipo GT3 inapowekea mizigo. Kwa hiyo begi la mjomba halina mahali mbele. Halafu RS haipatikani kwa gia za mkono. Ina gia saba zinazobadilika zenyewe au kwa vidole nyuma ya usukani. GT3 unachagua: hizo saba, au sita za mkono na klachi. Kutoka sifuri mpaka kilomita 100 kwa saa, RS inatumia sekunde 3.2, GT3 ya gia saba 3.4, na ya mkono 3.9.

Nikaandika skripti fupi ya Python. Kila gari safu yake, kila sifa alama zake, halafu kila sifa inapewa uzito kuonyesha ina umuhimu gani. Kazi ya dakika ishirini. Nilipoipa saa ya mzunguko uzito mkubwa, RS ikashinda. Nilipoipa bei na mizigo, GT3 ikashinda. Nilipozidisha uzito wa goti, gia za mkono zikashika mkia. Kompyuta haikukosea hata mara moja. Anayepanga uzito wa sifa ameshachagua gari kabla programu haijaanza kukimbia, na uzito huo si wangu kuupanga. Nikampigia mjomba.

"Mjomba, kabla sijakupa jibu nijibu wewe. Ukitoka uwanjani jioni, kitu gani kitakufanya useme leo ilikuwa siku njema?"

Akanyamaza kidogo. Nikamsaidia kwa namba. Nguvu ya hewa hukua kwa mraba wa mwendo: ukipunguza mwendo kwa nusu, mkandamizo unabaki robo. Zile kilo 409 za kilomita 200, kwa kilomita 100 ni kama kilo mia moja hivi, na kwenye foleni ya M6 ni sifuri. Faida ya RS inapatikana kwa dereva anayethubutu kuingia kona ya kasi kama Copse pale Silverstone bila kuogopa, akiamini kwamba kadiri anavyokwenda kasi ndivyo anavyoshikwa zaidi. Na imempa vifundo kwenye usukani vya kurekebisha shokamzoba na difu akiwa anaendesha. Kwa mtu anayewinda sekunde, ni hazina.

"Mimi sikuuza gereji ili nikimbizane na saa," akasema. "Nimetumia miaka thelathini nikisikiliza gia za watu wengine. Nataka kuingiza za kwangu."

"Na goti?"

"Goti ndilo sababu. Likikataa kabisa, otomatiki zitakuwepo. Za mkono nitakuwa nimezikosa."

Sikuwa na hoja ya kumpinga. Nilikuwa nimeliweka goti kama kasoro ya gia za mkono, naye analitumia kama tarehe ya mwisho. Namba ni ile ile, alama mbele yake ndiyo imebadilika.

Likabaki swali moja: GT3 yenye bawa au ile ya Touring, ambayo haina bawa lililosimama, ina kibawa kidogo kinachochomoza chenyewe. Touring ni nzuri machoni na haitazamwi sana barabarani. Hapo nilimpa maoni yangu bila kuzunguka: kama gari linakwenda uwanjani kweli, achukue bawa. Bawa la GT3 lina nafasi nne, unalirekebisha kwa spana, na kwa fundi wa Grogan hiyo ni raha peke yake. Alicheka sana.

Basi mjomba anatafuta GT3 ya gia za mkono iliyotumika, yenye bawa. Ameshaona mbili, moja ilikuwa na historia ya matengenezo yenye mapengo akaiacha. Mafundi wa Nakuru nao wameambiwa wapime mbao za paa.

Nami kazini wiki hii mteja ameniuliza tuchague hifadhidata gani kwa mradi wake, akitaka "iliyo kasi zaidi". Kabla sijafungua jedwali lolote, nimemwandikia barua pepe fupi kumuuliza watumiaji wake watakuwa wangapi na watakuwa wanafanya nini nayo. Nasubiri majibu.

Je, wewe ungechukua ipi, na kwa sababu gani? Niandikie. Ila tafadhali usiniambie "yenye kasi zaidi" bila kusema ni kasi ya wapi.