Barua ya kwanza

Sisi tuliosoma sekondari hapa Simi-Simi miaka iliyofuata Vita ya Siku Sita ya Juni 2000 hatukuwa na telefone. Mapenzi yalipita kwa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Aliyeileta ni mdogo wa kijana, na malipo yake karanga. Tuliisoma watatu nyuma ya darasa, hata kama ilikuwa ya mmoja. Iliandikwa kwa Kifaransa, maana Kiswahili kilikuwa cha jikoni!

Barua ya mwenzetu ilikutwa na baba yake mdogo. Hakuulizwa neno. Jioni ileile alipelekwa na nguo zake kwa wazazi wa kijana, hapo shule ikaisha. Alikuwa na miaka 15, na kijana hajamshika hata mkono. Kanuni ya Familia ya 1987 iliruhusu msichana kuolewa katika umri huo. Mvulana alingoja 18. Sheria ya Julai 2016 imeiandika upya: 18 kwa wote wawili.

Mama wa mmoja wetu naye alikuta barua. Aliisoma yote. Akatuita tuliobaki, tukatwanga sombe, huku akitueleza hedhi, mimba, na namna ya kumwambia kijana hapana bila kumtukana. Darasani hatukusikia mambo hayo. Tulifika mtihani wa serikali, kisha ISP.

Mwenzetu yule anauza samaki sasa. Binti yake yuko sekondari. Juzi alituletea telefone ya mtoto, ina ujumbe wa mvulana, akauliza: «Nianze kwa neno gani?» Tukamsimulia ile siku ya sombe.