Chapati Zilizomuumiza Mwanangu

Dada mpendwa, mimi ni muuguzi, lakini kwa miezi mingi sikuutambua ugonjwa uliokuwa mezani kwangu. Binti yangu aliharisha, tumbo likajaa gesi, uzito ukapungua. Nilimpa dawa ya minyoo mara tatu. Aliposukuma chapati kando nilimkemea, “Kula upate nguvu!” Kumbe ndizo zilizomdhoofisha.

Vipimo vya damu na utumbo vilionyesha ugonjwa wa siliaki. Gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri, huufanya mwili ushambulie utumbo wake wenyewe. Tiba ni kuviacha vyakula hivyo maisha yote. Lakini usimwachishe mtoto ngano kabla ya kupimwa, maana majibu yaweza kupotosha.

Sasa twala ugali wa mahindi, wali, ndizi na viazi. Uji wake ni wa wimbi, uliosagwa mashine isiyosaga ngano. Muhogo wake haukaangwi katika mafuta ya maandazi.

Nilimwomba mwanangu msamaha, naye akanikumbatia. Dada, mtoto akikataa chakula, msikilize kwanza. Huenda mwili wake unasema asichoweza kukieleza.