Haijui hasira, inajua haraka

Wasee, Jumamosi iliyopita mtoto wa jirani aliniuliza swali ambalo kampasi hakuna mtu aliwahi kuniuliza.

Tulikuwa kwenye ngazi za ploti, mimi, beseni na watoto wanne waliochoka na katuni. Kwanza nilichanganya unga wa ugali na maji. Ikawa uji baridi tu. Walinicheka vibaya! Kosa lilikuwa langu: unga wa ugali si wanga mtupu, na punje zake ni kubwa. Nikakimbia dukani nikaleta konflawa, ile poda nyeupe laini ya kufanya supu iwe nzito. Vikombe viwili vya poda, kimoja cha maji, unakoroga polepole.

Ukizamisha kidole taratibu, kinaingia kama kwenye maziwa. Ukipiga ngumi, umepiga ukuta. Ukifinya kiganjani inakuwa donge. Ukiachilia, inatiririka katikati ya vidole.

Kale kadogo, ka miaka sita, kakapiga, kakanyamaza, kakaniangalia: "Kwani inajua nikikasirika?"

Manze. Mwaka wa pili niliandika kwenye mtihani kwamba kiowevu kisichofuata sheria ya Newton ni kile ambacho mnato wake hubadilika kulingana na nguvu inayokisukuma. Nikapata maksi zote. Lakini sikuwa nimewahi kukigusa. Miezi michache baadaye karo ikakosekana, nikarudi nyumbani, nikajiambia sayansi ni ya wale waliobaki.

Sasa nifanyeje? Nikamwambia: chembe za wanga zimejaa kwenye maji kama watu stejini jioni. Ukipita polepole, wanakupisha. Ukija mbio, mnagongana, mnashikana, hakuna anayesonga, na maji hayapati muda wa kupenya katikati yao. "Haijui hasira," nikasema. "Inajua haraka."

Mwingine akauliza kama sosi ya tomato pia ni hivyo. Hiyo iko kinyume, ukiitikisa ndiyo inalegea. Walienda kuijaribu na chipsi, na mama yao akaniuliza kama mimi ni mwalimu. Nilitaka kusema hapana, niliacha shule. Nikajipata nimesema, "Jumamosi ijayo tena, mama."

Kama uko na mdogo wako kejani, jaribuni. Usimwage kwenye sinki tu, itaziba. Acha ikauke, uitupe na takataka. Na akikuuliza kwa nini, usikimbilie simu. Anza na kitu ambacho nyote wawili mmeshawahi kukiona.